Wimbo Nilioukatisha Temeke

Habari ya kifo chake niliipata Mwenge, nikiwa nimesimama mbele ya banda la vinyago bila shughuli yoyote ya maana. Wanaonisoma mara kwa mara wananijua: niliacha shule kidato cha pili, sijadumu kwenye kazi moja zaidi ya miaka miwili, na popote penye mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake nitasimama nimuulize maswali mpaka anichoke. Siku hiyo nilitaka kujua kwa nini mpingo unapigwa msasa mara nyingi hivyo kabla ya kung'arishwa kwa dawa ya viatu. Niliyekuwa namsumbua ni mzee ambaye zamani alikuwa mpiga besi wa bendi ya dansi niliyoipenda kuliko zote, na sasa anauza vinyago. Alinijibu la msasa, akapuliza vumbi, kisha akasema bila kuinua macho, "Mwenzetu wa rizimu tumemzika jana. Kulekule Kiwalani. Nilidhani ungekuja." Nikamuuliza mbona hakunipigia simu. "Nikupigie wewe? Nyie waandishi si ndio mnajuaga habari kabla yetu?" Alisema kama anatania, lakini hakucheka. Namba ya marehemu ninayo, na sikuwa nimeipiga kwa miaka.

Marehemu alikuwa mpiga gitaa la rizimu, lile linaloushikilia wimbo wakati gitaa la solo linakimbia na sifa. Kulikuwa na miaka ambayo ungetembea Kinondoni kutoka baraza moja hadi nyingine usipoteze hata mstari mmoja wa wimbo wao, maana kila redio ilikuwa imefunguliwa palepale. Mimi nilikuwa kibarua wa kubeba mifuko ya saruji, na nyimbo zao nilizisikilizia nje ya ukuta wa baa kwa kuwa mlangoni nisingepita. Kisha yakaja mambo mengine, ukaja muziki wa vijana, na wao wakabaki na Jumapili mchana.

Wengi hudhani bendi ikishuka hufa kwa ugomvi. Niliyoyaona mimi ni kinyume chake. Walipokuwa juu ndipo waligombana: mazoezini walirushiana maneno kwa ajili ya kiitikio kimoja, mtu akaondoka na gitaa lake akiapa harudi, kesho yake yupo. Walipoanza kusahauliwa, wakawa na adabu. Hakuna aliyemwambia mwenzake amekosea, kwa sababu kila mmoja aliogopa kwamba huyu akiondoka hatapatikana wa kumrithi. Wakaanza kuvaa sare, wakati enzi zao waliwacheka wanaovaa sare. Na muziki wenyewe ukaganda. Kabla ya kupanda jukwaani walikaa wakasikiliza rekodi zao za zamani, ili wapige vilevile, kama wanafunzi wanaonakili daftari la mtu mwingine. Wasikilizaji waliobaki walikuwa wachache, na kila badiliko dogo lilionekana kama njia ya kuwapoteza hata hao.

Siku moja marehemu alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Katika wimbo wao uliopendwa kuliko yote, baada ya ubeti wa pili, gitaa la rizimu linajikwaa kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi. Mashabiki wanapapenda sana hapo. Wapo wanaocheza kwa kujikwaa makusudi. "Lile ni kosa," akaniambia. "Siku ya kurekodi kidole kiliteleza. Fundi mitambo akasema tumechoka, acheni hivyohivyo." Mimi nikacheka. Yeye akaendelea, "Kuna Jumapili nikasema leo napiga inavyotakiwa. Mtu mzima na akili zake akanifuata jukwaani: 'Mzee, leo umelewa nini?' Tangu siku hiyo napiga kosa langu la ujanani kila wiki. Tena lazima nilipatie."

Sasa nifike kwenye jambo langu. Marehemu alitunga wimbo mpya. Wenzake hawakuutaka, na mwimbaji wao ndiye aliyeukataa kuliko wote. Aliwabembeleza wiki nyingi mpaka wakakubaliana hivi: utapigwa Jumapili moja tu, kwenye bonanza la Temeke, dansi la mchana la baani. Watu wakiupokea, kila mwezi wataongeza wimbo mpya. Watu wakinuna, basi asiwasumbue tena maisha yake yote. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuandika safu gazetini, na nimepanga Kiwalani, mitaa miwili kutoka kwake. Akaja kwangu akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba mimi ni ofisi. "Mdogo wangu, sikuombi uandike," akasema. "Njoo usikilize tu. Watu wanakujua. Wakikuona umetulia unasikiliza, na wao watasikiliza." Nikamwapia kwamba nitakuwepo.

Nilikuwepo kweli, ila nilikwenda na wageni watatu, watu wa ofisini wenye elimu zao, niliokuwa nimewatambia kwamba wazee wale ni watu wangu. Kwa wasiozijua baa zile, kuna utaratibu wake: anayetaka wimbo huandika kwenye kikaratasi pamoja na jina lake, humpa mhudumu, na mwimbaji hukisoma kwa sauti ili aliyekituma asimame aonekane. Utamu wenyewe uko hapo pa kuonekana. Wimbo mpya ulipoanza, mmoja wa wageni akanigeukia, "Braza, hiki nini tena? Si ulisema zilipendwa?" Mwingine akadakia, "Mwandishi katuleta msibani!" Wakacheka. Wa tatu akasema, "Si unasema wanakujua? Hebu tuone." Nikaomba kalamu. Laiti ningeweza kusema nilisahau. Sikusahau. Nilijua ule ni wimbo wa nani na nilijua nini kinaamuliwa pale. Nikaandika jina la wimbo wa zamani, chini yake jina langu, na chini ya jina nikaongeza cheo.

Mwimbaji hakusubiri wimbo uishe. Nadhani alikuwa anatafuta sababu, na mimi nikampelekea. Akainua mkono, ngoma zikashuka, akasoma: "Jamani, tuna ombi kutoka kwa mwandishi wetu mashuhuri, yupo nasi hapa leo!" Watu wakapiga kelele. Nikasimama nikapunga mkono. Marehemu alinitazama kwa muda mfupi tu, kama unavyomtazama yeyote anayeitwa jina, kisha akainamia gitaa akauanza ule wa zamani. Alipofika pale pa kujikwaa, akalipatia kosa lake sawasawa. Baadaye alipita mezani kwetu, akawapa wageni mkono mmoja mmoja. "Wageni wamefurahi?" akaniuliza. "Sana, mzee! Mpo vizuri!" wakajibu wao. "Basi vizuri," akasema, akaenda zake.

Wiki ile niliandika safu ndefu ya kuwasifu kwamba hawazeeki. Wimbo mpya sikuutaja hata kwa neno moja. Bendi iliikata safu ile gazetini, ikaipeleka kwenye hoteli moja ya ufukweni Kunduchi, wakapata kazi ya kupiga Jumapili wakati wa chakula cha mchana, kwa sharti kwamba ni zilipendwa tu. Mwimbaji alinishukuru sana. Nami nilijisifu, nikawa nahadithia watu kwamba nimewasaidia wazee. Hivi ndivyo nilivyomfungia mlango mara mbili, mara ya kwanza kwa kikaratasi, mara ya pili kwa gazeti.

Kesho yake baada ya kupata habari pale Mwenge, nilikwenda Kiwalani kutoa pole. Mjane alinipokea uani, watu wakiwa wamebaki wachache. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu mwanangu. Wewe si yule mwandishi?" Nikaitikia. Uso wake ukachangamka kidogo. "Alikutaja. Aliniambia siku ule wimbo wake ulipopigwa Temeke watu waliinuka wote wakacheza. Ila hoteli ndiyo ikawataka wapige za zamani, wakauacha. Mie sikwendaga baa. Ni kweli walicheza?" Nilimtazama, nikaona anavyosubiri. "Walicheza sana, mama," nikasema. Akanipa chai. Nikainywa.

Siku mbili nilizunguka na uongo ule. Nilijaribu kujiambia kwamba ni huruma, kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka mkewe aamini hivyo. Lakini kila nilipolifikiria vizuri niliona kwamba aliyesalimika kwa uongo ule ni mimi. Yule mzee alikuwa amerudi nyumbani Jumapili ile akamtungia mkewe ukumbi mzima wa watu wanaocheza, na katika hadithi yake hakuweka mtu mbaya hata mmoja. Siku ya tatu nikarudi nikamweleza yote: wageni wangu, kikaratasi, cheo, mkono niliopunga.

Alikuwa anakunja kanga zilizotoka kuanuliwa. Hakusimama. "Sasa mbona juzi uliniambia walicheza?"

"Niliona haya, mama."

"Haya za kwake au za kwako?"

"Za kwangu."

Akakunja kanga nyingine, akailaza juu ya zenzake, akaisawazisha kwa kiganja. Nilijiandaa kutukanwa, na nadhani ningeshukuru. Badala yake akaniuliza swali ambalo tangu hapo ninatembea nalo. "Nyumbani hapa alikuwa anakwangua nyuzi tu, vipandevipande, hakutaka nisikie mpaka wimbo uive. Ulikuwa mzuri?"

Nikamwambia sijui. Wimbo ulipokuwa unapigwa, mimi nilikuwa naandika.

Tunawalalamikia wazee hawa kwamba wameishiwa, wanarudia yaleyale. Mara nyingi ni sisi tuliokaa mezani tunaowarudisha kwenye yaleyale, kwa kuwa tunachotafuta kwao ni umri wetu wenyewe uliopita, na mtu aliyetunga kitu kipya anatuharibia. Sina cha kuwafundisha wanaonisoma zaidi ya hiki nilichokijua kwa kuchelewa: siku mkimsikia mzee wa bendi anauanza wimbo msioujua, wekeni simu na kalamu chini, acheni ufike mwisho. Ukiwa mbaya, angalau mtakuwa mnajua kwamba ni mbaya. Mimi hata hilo sijui.