Jina la Mama Katika Jedwali la Marehemu

Binti wa dada yangu nilikuwa namwamkia Shikamoo, naye ananiitikia Marahaba bila hata kucheka. Alirithi jina la mama yetu, na kijijini kwetu Mbaha, kando ya ziwa, mtoto akirithishwa jina analibeba na heshima yake. Alikuwa mama yangu, basi. Baba yake hakuwahi kutoa mahari, kwa hiyo mtoto akabaki upande wetu na kupewa majina yote matatu ya bibi yake. Alikuwa na kifafa. Dawa zilimtuliza, akarudi shule.

Dawa hizo zilitoka Mbinga, ofisini kwetu kwenye mradi wa dawa, pamoja na zile za presha alizokuwa akitumia mama. Kila mwezi gari la mradi huteremka ziwani na vifurushi vilivyobandikwa majina. Nani apelekewe, hilo huamuliwa na programu inayounganisha taarifa za zahanati na zile za vijiji. Mimi ndiye ninayeiendesha.

Mama alipofariki, jina lake liliendelea kuitwa kwenye dirisha la dawa la zahanati, mbele za watu. Dada alinipigia simu analia. Familia nyingine nazo zililalamika, na zilikuwa na haki. Nani anataka kumsikia marehemu wake akiitwa aje achukue dawa? Ndipo akaletwa mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa kwa mkataba, akaongeza ndani ya programu hatua ya utafutaji. Ukiifungua unaona maagizo yake: chukua jina la mgonjwa, kijiji na namba ya simu; nenda navyo kwenye jedwali la marehemu; ukikuta vinavyolingana, rudi na neno "amefariki" na umwondoe; usipokuta, mwache apite. Alipomaliza akapiga picha na bosi, akaondoka.

Mwezi uliofuata dada akapiga tena.

"Dada, kifurushi cha mtoto hakijaja. Nesi anasema jina lake halipo kabisa."

Nikafungua programu na kumtafuta. Jina lile lile, kijiji kile kile, na simu ile ile, maana simu ya mama ndiyo aliyobaki nayo dada. Programu ilikuwa imekwenda kwa marehemu ikamkuta mama, ikarudi na kumwondoa mtoto. Huku kwetu nusu ya wajukuu wamebeba majina ya watu waliolala makaburini, na hakuna aliyeuliza.

Nilimwendea bosi. Nikamwomba tuongeze mwaka wa kuzaliwa kwenye ulinganishi.

"Wazee wengi kwenye jedwali la marehemu hawana mwaka," alisema. "Ukiuweka, hawatalingana na mtu. Watarudi wote dirishani."

Hapo alikuwa na hoja, sikatai. Nikamwambia basi tulinganishe mwaka pale tu unapopatikana. Usipopatikana, mgonjwa asiondolewe, awekewe alama ya kuuliza, na nesi aulize kwa faragha kabla ya kuita. Ni kazi ya asubuhi moja.

"Mabadiliko yanahitaji kibali cha juu. Tuandike, tusubiri."

"Mtoto ana kifafa, bosi."

"Nimekuelewa. Tusubiri."

Hilo neno "nimekuelewa" mpaka leo silipendi. Nilitoka nikaenda duka la dawa, nikanunua vidonge na kumkabidhi kondakta wa basi la Lituhi, ambako shemeji yangu mmoja angevipokea na kuvifikisha Mbaha. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Basi lilikwama njiani, abiria wakalala humo ndani, na kifurushi changu kikalala pamoja nao.

Kilipofika Mbaha, tayari turubai la msiba lilikuwa limefungwa uani kwa dada. Mtoto alikuwa ameteremka ziwani na vyombo, kama wasichana wote wa pale, anasugua sufuria kwa mchanga. Kifafa kilimshika akiwa ameinama. Maji yalikuwa ya magotini. Waliokuwa jirani walidhani anaoga.

Nilimzika mama yangu mara ya pili, pembeni ya yule wa kwanza. Dada hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi, alinishika tu mkono na kuniuliza, "Nani kakwambia amekufa? Nani kawaambia huko Mbinga?"

Niliporudi ofisini kibali kilikuwa kimekuja. Nikaitengeneza hatua ile kama nilivyoomba, na kweli ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Taarifa mpya za vijiji nazo, pamoja na za vifo vya mwezi ule, zilikuwa zimeingia. Bosi akavuta kiti, akataka tuijaribu kwa yule mtoto niliyemgombania. Asubuhi alikuwa amenipa pole ya msiba. Nadhani hakujua kwamba ni yeye tuliyemzika. Nilitaka kumwambia, lakini nikabonyeza.

Programu ikachukua jina, kijiji, simu, na mwaka wake wa kuzaliwa. Ikapita kwa mama, ambaye mwaka wake ulikuwemo, bila kusimama. Ikashuka hadi mstari wa mwisho wa jedwali, ikamkuta mtoto mwenyewe, ikarudi na neno "amefariki", bila alama ya kuuliza.

"Umeona?" bosi alisema, kidole chake kikiwa kwenye mstari wa mama uliopitwa. "Sasa haiwachanganyi tena."