Aliyechukua Namba Yako

Kabla sijakujibu, mwanangu, acha kwanza babu yako nikumbuke siku moja ya ujana wangu. Nimezima cherehani ili unisikie vizuri, maana hapa Fordsburg, Johannesburg, Jumamosi ni kelele tupu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na mama yako naye kanipigia kutoka Marekani analia. Eti unataka kuvunja mkataba urudi nyumbani. Tangu wakusajili timu ya akiba huko Ujerumani umecheza vizuri, halafu kashushwa mchezaji mkubwa mmoja wa kikosi cha kwanza, ametoka kuuguza goti, kachukua namba yako. Wewe benchi. Eish, inauma. Sikudanganyi kwamba haiumi.

Mimi nilikuwa rika lako hilohilo, kwetu Tanga, nacheza winga ya kulia timu ya akiba. Sisi tulipewa mechi ya utangulizi, jua la utosi, watu ndio kwanza wanatafuta pa kukaa. Lakini siku hiyo mwenyekiti wa timu alikuja mapema aniangalie mimi, na nyumbani wote walijua. Basi nafika, kocha ananiambia, kaa, leo anacheza Kaka Rajabu. Rajabu huyo mji mzima ulimjua kwa mbio zake, ila alikuwa amevunjika mguu, ndio anapona. Nilinuna, wacha! Aliponisalimia nikageuza uso, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Akaja akakaa pembeni yangu. Nikajua sasa nitagombezwa. Akasema taratibu tu, "Mdogo wangu, wewe ukikosa leo, utacheza wiki ijayo. Mimi nimeteremshwa mpaka huku. Nikishindwa hapa, naenda wapi?"

Nikamtazama. Alikuwa anaupapasa ule mguu uliovunjika, mwanaume yule niliyemshangilia tangu utotoni. Niliona haya, mwanangu, nikatamani ardhi ipasuke. Nikachukua chupa ya mafuta, nikapiga magoti, nikamchua ule mguu mpaka walipoitwa uwanjani.

Kipindi cha kwanza hakikuisha. Alikimbilia mpira mmoja, akasimama ghafla, akaushika mguu. Alipotoka alivua jezi, akanivisha mwenyewe, imelowa jasho lake, akaninong'oneza, "Nenda. Beki wao mzito kugeuka." Nikampita yule beki mpaka mechi ikaisha. Mwenyekiti akaniona, nikapandishwa. Rajabu hakucheza tena, na neno lake la mwisho uwanjani alilitumia kunisaidia mimi.

Sasa wewe unaniambia huyo mkubwa kakudhulumu. Hajakudhulumu, mwanangu. Anaogopa kuliko wewe, ila yeye hana babu wa kumlilia kwenye simu. Kesho nenda mazoezini, umsalimie wewe kwanza, umuulize goti linaendeleaje. Ukiwa benchi, mwangalie anavyocheza, usiangalie chini. Mkataba usiuvunje kwa hasira. Msimu ukiisha wakasema hawakutaki, rudi, Marekani haihami, na hapa Johannesburg kwangu ni kwako. Lakini usiondoke umemnunia mtu anayeuguza mguu.

Mwenyezi Mungu akupe miguu mizima, baba, na moyo wa kumtakia heri aliyekaa mahali pako. Na siku yako wewe ya kushushwa ikifika, maana itafika tu, akukutanishe na kijana atakayekupokea vizuri. Amina.