Kitabu Nilichokibeba Miaka Tisa

Kitabu kile kilikuwa kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, nami nilikibeba hivyo hivyo, ubavuni, kila Jumapili kwa miaka tisa. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mwendo wa dakika arobaini, na huku Olenguruone mvua haipigi hodi. Ikianza, nilikuwa navua leso yangu nakifunika kitabu, mimi nafika kanisani nikiwa chapachapa. Akina mama walinisifu. "Mama Abby analitunza Neno," walisema. Nami nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Mume wangu, Gedion Kipkoech, haoni tangu akiwa na miaka sita. Surua ilimwachia uhai ikamchukulia macho. Ni mwinjilisti wa kanisa letu, na kanisa letu lina desturi ambayo wageni huiona ni ukorofi: Neno husomwa, halikaririwi. Msomaji huweka kidole chini ya mstari. Akiinua uso na kuanza kusema ya kichwani, watu wanakohoa. Wanaanza wazee, wanafuata akina mama, mpaka mtu aone haya arudi kwenye ukurasa. Jumapili ya kwanza Gedion aliposimama mikono mitupu akasema sura nzima bila kukosea, walimkohoa mpaka akaketi. Nyumbani alilia. Jumapili iliyofuata alitoa kitabu cha breli kwenye sanduku lake la shule, kurasa nene zilizojaa nukta, akaniambia nimbebee. Akakifungua mimbarani, vidole vikateleza juu ya nukta, akasoma. Hakuna aliyekohoa. Wengine walifuta machozi.

Mwaka huu akaitwa kwenye usaili wa uchungaji. Kwetu hakuna anayewekewa mikono kabla ya kusoma Kiebrania na Kigiriki mbele ya kamati kutoka Nakuru, kifungu ambacho hakuambiwa mapema. Ukianguka, unangoja miaka mitatu. Na ukishafika arobaini na tano, hupokelewi tena. Gedion ana arobaini na tatu. Hiyo hesabu hata mtoto anaiweza: ilikuwa Jumamosi ile ya usaili au basi.

Alikuwa tayari, hilo nalishuhudia. Miaka minne alishuka chuoni Nakuru wiki moja kila mwezi, na chuo kikamwazima laptopu yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, pamoja na kimashine chembamba cha breli ambacho nukta zake huinuka na kushuka zenyewe. Ile sauti inaongea Kiingereza cha mzungu. Ikifika kwenye Kiebrania inanyamaza, au inapayuka kama mlevi. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kumfikisha mahali tu, faili gani, mstari gani. Baada ya hapo ni vidole. Alfajiri nikikamua nilimsikia jikoni akiyatamka yale maneno ya kooni, na ng'ombe ameacha kucheua anasikiliza.

Jumatano kabla ya usaili, nilikianika kitabu kikubwa juani kwa sababu kilikuwa kimeanza kunuka ukungu. Mwalimu Chemutai akaja kuchukua maziwa. Ni mgeni hapa, anafundisha watoto wasioona katika shule yetu ya msingi, na breli anaijua kwa macho na kwa vidole. Akapitisha kidole kwenye ukurasa huku namjazia chupa.

"Haki, hii nilifundishiwa nayo breli!" akacheka. "Kumbe Baba Abby bado anasoma mambo ya kupe?"

"Kupe gani?"

"Si hiki ni kitabu cha kilimo. Darasa la saba. Hapa wanaeleza vile ng'ombe anaogeshwa dawa kwenye dipu."

Maziwa yalimwagika yakafika kwenye viatu vyangu. Nilimwambia hiki ni kitabu cha kanisani, aangalie vizuri. Akafunua mwanzo, akafunua katikati, akafunua mwisho. Alipoona uso wangu aliacha kucheka.

Miaka tisa nilikuwa nimenyeshewa kwa ajili ya kupe.

Sikumwambia Gedion. Wengine wataiita hekima, lakini ilikuwa hasira. Nilijua nikifungua mdomo nitavunja kitu, na usaili ulikuwa siku tatu mbele. Nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, nikamjibu ndiyo na la. Yeye akadhani nina wasiwasi kwa ajili yake, akanishika bega, akaniambia Mungu yupo. Karibu nimtupie mwiko.

Alhamisi nikasikia jipya: kamati imetaka mtu anayejua breli awepo, na karani wa kanisa ameshamwalika Chemutai. Nilienda kwake mbio, mkono mtupu, bila hata mayai ya kuombea. Nikamsihi anyamaze.

"Mama Abby," alisema, "mimi sitasema nisichoulizwa. Lakini nikiulizwa, sitadanganya. Mimi ni mwalimu."

Jumamosi asubuhi Gedion aliniambia, kama Jumapili yoyote, "Na kitabu ukilete. Watu watakiulizia." Nikakibeba. Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mwenyekiti wa kamati, Mchungaji Gathogo, ni mtu mwembamba mwenye miwani, mwalimu wa Kiebrania miaka mingi. Alimtajia Gedion faili na mstari wa kufungua kwenye laptopu, kisha akamwona anaweka vifaa vya sikioni.

"Toa hizo earphone, Bwana Kipkoech. Sijui hiyo computer inakuambia nini."

"Inanionyesha mstari tu, Mchungaji."

"Toa."

Akatoa. Nilijua maana yake: bila ile sauti, ilimbidi autafute mstari kwa kidole peke yake. Vidole vilikwenda, vikarudi, vikaenda tena. Dakika moja, mbili. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua na mimi nilikuwa nimekikumbatia kitabu cha kupe, nimesahau hasira yangu yote, naomba tu. Ndipo akapata. Akaanza kusoma, polepole, kwa sauti ile ya alfajiri.

Mchungaji Gathogo alikuwa anamfuata kwenye kitabu chake cha wino. Mara akainua mkono.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Kiebrania kinatoka kulia kwenda kushoto. Wewe vidole vyako vinatoka kushoto. Unasoma reverse? Hii ni kukariri, ndugu yangu."

Mzee mmoja nyuma akakohoa. Akafuata wa pili. Nikageuka niwaone, na walikuwa ni watu wetu wenyewe, wale wale waliofuta machozi. Kikohozi kikapanda kikajaa kanisa, na shingo ya Gedion ikaingia mabegani kama siku ile ya kwanza.

"Mchungaji," alisema, "Kiebrania cha breli huandikwa kutoka kushoto. Breli zote hutoka kushoto."

"Nani hapa anaweza kuthibitisha?"

Chemutai alisimama. Alifika mezani, akaweka kidole kwenye kile kimashine.

"Kiebrania mimi sijui, Mchungaji. Nukta ndizo najua. Neno hili linaanza na *sh*. Hapa kuna alama siijui. Halafu *l*. Nyingine siijui. Halafu *m*."

Kwa kila herufi aliyoitaja, kidole cha Mchungaji Gathogo kilisogea kwenye kitabu chake, kikitoka upande wa pili. Akamwambia arudie kwa neno lililofuata, na lile lililofuata. Kisha akavua miwani, akaifuta muda mrefu kwa kona ya koti.

"Nimekosea," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Miaka ishirini na sita nafundisha lugha hii, hilo sikulijua. Bwana Kipkoech, unisamehe. Endelea, na earphone zako uvae."

Kigiriki kilipita kama maji. Wanakamati wawili wengine walikuwa wanatikisa vichwa kwa furaha, na mimi nikaanza kupumua. Nikafikiri: tumevuka. Ya kitabu nitaulizana naye nyumbani, na atanitambua.

Ndipo Mchungaji Gathogo, kwa roho nzuri tu, akasema: "Kabla hatujafunga, kila mtu hapa ameniambia habari ya kitabu kikubwa. Mama, kilete. Atusomee vile mmezoea. Mwalimu, baki hapo hapo."

Nilitembea hatua kumi na mbili. Nilifikiria kujikwaa, nilifikiria kusema kimelowa. Nikakiweka mbele yake, nikakifungua. Chemutai aliniangalia, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kugeuzia uso dirishani. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamchungulia. Angeweza kusema sura yoyote aipendayo, watu waseme amina, na Jumapili ya Disemba awekewe mikono. Na mimi nilitaka afanye hivyo. Nasema ukweli wangu: pamoja na hasira yote, nilitaka adanganye mara moja ya mwisho.

Vidole vilianza kuteleza kama kila Jumapili. Halafu vikasimama. Vikarudi mwanzo wa mstari, vikaanza kwenda polepole, vikigusa. Akasoma sentensi kwa Kiingereza, akaitafsiri, kama tunavyotafsiriwa mahubiri.

"Sura ya nne. Kuogesha ng'ombe. Kupe hujificha masikioni, chini ya mkia na katikati ya miguu. Ng'ombe wanyweshwe maji kabla ya kuingia kwenye dipu, wasije wakainywa dawa."

Alisoma ukurasa mzima. Hakuna aliyekohoa.

"Hilo ni andiko gani?" Mchungaji Gathogo akauliza, ingawa nadhani alishajua.

"Si andiko, Mchungaji. Ni kitabu cha kilimo, ndicho pekee nilichotoka nacho shuleni. Nilisema nitakitumia Jumapili moja tu, mpaka nipate Neno la breli. Halafu mkanipenda." Akageuka kuelekea watu. "Leo mmenikohoa nikisoma kweli. Miaka tisa sikuwa nasoma, na hamkunikohoa hata mara moja."

Kamati ilitoka nje ikakaa saa nzima. Waliporudi, Mchungaji Gathogo alisoma uamuzi bila kuinua macho kwenye karatasi: lugha zote mbili amepita, lakini kamati haiwezi kumpendekeza kwa uchungaji. Arudi baada ya miaka mitatu, kama kanuni zitaruhusu. Kanuni haziruhusu, na kila mtu mle ndani alijua.

Tulitoka bila kuagana na mtu. Tukapita kituo cha kuuzia majani chai.

"Ulikuwa unajua," Gedion akasema.

"Tangu Jumatano."

"Mbona ukanyamaza?"

"Mimi nimenyamaza siku tatu. Wewe hesabu zako."

Akatembea kidogo, fimbo ikigonga mawe. Halafu akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe nikibebe."

Nikampa. Alikiweka ubavuni, akayumba, akakirekebisha. Hakuwa anajua uzito wake wa njiani. Tulipofika kwenye kona ya bwawa mvua ikaanza, matone makubwa. Nikavua leso yangu kiunoni kama kawaida, nikaikunjua, na nikajifunika kichwa.