Gari Lililonguruma Mama Mkwe Akipanda

Kisilu ana gereji ya mabati pale Kathonzweni, na majivuno yake yote yako masikioni. Gari likiingia uwanjani kwake huwa hamuulizi dereva mengi. Analiendesha hadi njia ya bwawani na kurudi, redio imezimwa, madirisha wazi, kisha anatoa hukumu. Mlio mwembamba unaokuja ukikanyaga ni breki. Mngurumo unaopanda na mwendo, ukazidi ukikata kona, ni beringi iliyokwisha. Watu wa huku wanamsifu hadharani, na sijawahi kumsikia akiwakatiza.

Mwaka huu, mvua zikikaribia, shemeji yake Nyamai, kaka ya mkewe Ndunge, alimletea gari kuukuu la familia kutoka Kasikeu. Ndilo linalompeleka mama yao, Mbithe, kanisani.

"Inalia," Nyamai alisema. "Saa zingine kama mbuzi, saa zingine inanguruma tu."

Kisilu alibadilisha breki pedi zilizoisha, na ule mlio wa mbuzi ukakoma. Mngurumo hakuusikia. Aliliinua gari kwa jeki, akashika kila gurudumu juu na chini, akatikisa. La nyuma kushoto alilitilia shaka, lakini kidogo sana. Akaliendesha tena. Kimya.

"Haiwezi lia ukiwa peke yako," Nyamai alisema. "Inaanzanga mama akiingia. Yeye anakaanga nyuma, kushoto."

Hapo Kisilu alielewa kila kitu, na hapo hapo akaharibu.

Kuna beringi inayojificha gari likiwa tupu. Mpaka gari lipewe mzigo ndipo iseme. Fundi yeyote anajua la kufanya: weka magunia mawili ya ndengu pale mzigo unapokaa, uendeshe ukisikiliza. Magunia yalikuwepo, duka la jirani. Lakini Mbithe ni mama mkwe wake, na kati yao kuna nthoni, ile heshima ya Kikamba inayomkataza mwanamume kumkabili mama ya mkewe, kumpa mkono, hata kukaa naye gari moja. Siku hizi wako wakwe wanaokumbatiana mlangoni mwa kanisa mchana kweupe. Kisilu na Mbithe si wa kundi hilo. Tangu ndoa ifungwe hawajatazamana usoni. Sasa asimame mbele ya shemeji yake, apakie magunia, aseme haya ndiyo mama yako, hebu tuongeze lingine? Mimi nacheka nikiandika, ila yeye jasho lilimtoka. Na kama angelifungua gurudumu lile bila kupima, Nyamai angeuliza amejuaje, na jibu lingekuwa lile lile.

"Ni vumbi," alisema. "Iliingia kwa breki. Nimeosha. Enda tu."

Vumbi! Mtu mzima, fundi, anamwambia shemeji yake vumbi.

Jumapili iliyofuata Nyamai alipiga simu mchana. Walikuwa njiani kuja Kathonzweni kwa ibada ya shukrani. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelegea, likainama, gari likatumbukia mtaroni. Mama alikuwa ameumia mkono.

Kisilu alifika na pikapu yake, bado amevaa suti ya kanisani. Alimkuta Mbithe ameketi kando ya barabara, mkono umefungwa kwa leso, uso ameuelekeza mashambani. Yeye akaenda kusimama nyuma ya gari, akampa mgongo. Alitamani kumpigia magoti amwombe msamaha, na hata hilo hakuruhusiwa. Akamgeukia Nyamai, akasema kwa sauti ambayo mama angeisikia:

"Ambia mama mimi nilijua. Ningeweka magunia mbili ya ndengu pale anakaanga, nisikize. Nikaona aibu."

Nyamai alimwangalia huyu, akamwangalia yule, asijue ayapeleke wapi maneno ambayo yalikuwa yameshafika. Mbithe aliendelea kuyatazama mashamba ya watu.

"Mwambie," alisema mwishowe, "mbili hazingetosha."

Hakuna aliyecheka. Nyamai alimpandisha mama yake kwenye pikapu, akampeleka hospitali. Kisilu alivua koti, akabaki kulifungua gurudumu peke yake. Beringi ilimwagikia kiganjani vipande vipande, vyuma vimeungua hadi vikawa vyeusi. Angetukanwa, angepumua. Watu waliotoka ibadani walipita wakimpa pole, na kila pole ilimchoma, maana walidhani ni mtu aliyepatwa na msiba, si aliyeuleta.

Simu yake ikaita. Alikuwa Ndunge.

"Mama amenipigia kutoka hosi," alisema. "Mkono imevunjika, lakini anaongea vizuri. Anasema ni shimo. Ati Nyamai aliingia kwa shimo kubwa, na wewe ndio ulikimbia kuwasaidia. Ameniambia nikushukuru sana."

Kisilu aliinua macho. Barabara ile ilikuwa imepitishwa greda juzi juzi tu, imenyooka na kulainika hadi kwenye kona. Alijua Nyamai hatasema, kwa kuwa mama ameshasema. Mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemvunja mkono alikuwa amemsitiri mbele ya mkewe, na alichobakiwa nacho ni kuitikia tu.

"Baba Kaluki, uko?"

"Niko," alisema. "Ndunge, hakukuwa na shimo."