Bi Kubana na Kelele za Mzee

Mtaani wanamwita Bi Kubana, na wala hachukii. Duka lake ni chumba kimoja kilichojibanza kati ya saluni na fundi cherehani, kina kompyuta mbili na feni yenye kelele. Kazi yake ni kubana video, yaani kuzipunguza uzito ili ziweze kutumwa kwa simu, na anaipenda kazi hiyo kupita kiasi.

Wateja wakiuliza kilichopungua kimekwenda wapi, yeye hucheka. Huwaambia kompyuta hutunza picha moja kamili, kisha zinazofuata hubeba kilichobadilika tu. Ukuta haujasogea, uchorwe tena wa nini? Na sauti ni vivyo hivyo: ile ambayo sikio halitagundua imeondoka, hutupwa.

Asubuhi moja mzee fundi cherehani alimletea video ya marehemu mkewe, ameketi dirishani anashona vifungo. Binti yao aliye ng'ambo alikuwa amejifungua, na mzee alitaka mjukuu amjue bibi yake. Bi Kubana aliihamishia kompyutani, akaibana barabara, akabonyeza na kitufe cha kuondoa kelele, maana nyuma kulikuwa na ngurumo. Mzee alipoona picha imetoka safi, akaifuta ile ya kwanza simuni mwake, kwani simu ilikuwa imejaa pomoni.

Kisha akatega sikio.

"Bi Kubana, mbona mke wangu amenyamaza?"

Bi Kubana alimjibu kwamba marehemu hakusema neno mle. Mzee akakubali, ila akasema mkewe alikuwa akiimba mdomo umefumbwa, wimbo aliombembelezea binti yao, na kwamba yeye aliegemeza simu mezani ichukue video kwa ajili ya wimbo huo. Kumbe kompyuta iliudhania kelele, ikautupa pamoja na ngurumo.

Bi Kubana aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Bahati nzuri ana mazoea ambayo wenzake humcheka nayo: hafuti video ya mteja mpaka mteja aridhike. Akazima feni, akaichezesha ile ya kwanza iliyobaki kompyutani. Wimbo ukasikika, mdogo, chini ya ngurumo. Mzee akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Basi ibane taratibu," akasema.

"Hii haibanwi, mzee wangu. Inakwenda nzima."

Kuituma kulichukua mchana kutwa, na wateja wengine wakaambiwa warudi kesho. Jioni binti alipiga simu. Alisema mtoto alikuwa akilia, wakamwekea video, akalala. Halafu binti akauliza, "Baba, hiyo cherehani inayonguruma nyuma, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nakushonea gauni la harusi."

Bi Kubana aliyasikia yote, kwani ndiye aliyemshikia mzee simu. Tangu siku hiyo, kabla hajabonyeza kile kitufe, humuuliza kwanza mteja: "Kelele hizi ni za nani?"