Mawe ya Saukkopuro Yaliyosuguliwa Mno

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu umelala juu ya kijito cha Saukkopuro, na Raili Juntunen amesimama kwenye maji yanayomfika magotini, akilipiga jiwe mswaki. Ni mswaki wa kawaida wa meno, wa dukani. Anasugua, anasuuzia kwenye sinia jeupe, kisha anamimina maji yenye rangi ya chai kwenye kichupa.

Ukingoni amekaa jirani yake, Hilkka Moilanen, na birika la kahawa. Mikono yake ameikalia.

"Ndiyo amri niliyopewa," ananieleza. "Nisiguse kitu!"

"Na usiguse kweli," Raili anamjibu bila kugeuka. "Wewe na brashi mmeshatalikiana."

Raili, mwenye miaka hamsini na minane, huajiriwa kila kiangazi kusugua mawe ya vijito vya Kainuu, Finland. Kwenye ule utelezi wa juu ya jiwe huishi mwani mdogo mno, kila mmoja na gamba lake la kioo, na vichupa hupelekwa maabara mjini Oulu kutazamwa kwa hadubini. Upo mwani unaopenda maji safi yaendayo kasi, na upo unaostahimili maji machachu ya kinamasi. Jua, kivuli, baridi na mafuriko navyo vina kauli.

"Kijito ndicho mwenye nyumba," anasema Raili. "Kinachagua wapangaji wake. Mimi nabisha hodi tu nione nani yumo."

Enzi za baba zao, mawe ya Saukkopuro yaling'olewa ili magogo yateremke bila kukwama. Samaki aina ya trauti wakatoweka. Kwa viangazi vitatu sasa wanakijiji wanayarudisha mawe kwa mitaimbo, na mitaro iliyoleta maji ya kinamasi wameiziba. Wamefika nusu. Ruhusa ya kuendelea juu, ambako kijito bado ni mfereji mtupu wa mchanga, inategemea vichupa vya Raili. Mwani wa maji safi usipoonekana, kazi inaishia hapo.

Basi Julai Raili akaja na mswaki wake, akakuta mawe meupe kama mayai.

Jana yake Hilkka alikuwa ameitisha msaragambo. Kijijini hapa mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Hata kuni hupangwa upya. Watu kumi na wawili waliingia majini na brashi za kusugulia sauna, bafu la mvuke, wakasugua jiwe baada ya jiwe, kisha wakajipongeza kwa kahawa na mikate ya iliki.

"Nilibaki mdomo wazi," anakumbuka Raili. "Nikamwuliza, 'Hilkka, umefanya nini, mama?' Ananiambia, 'Tumekurahisishia kazi!'"

"Si wapimaji wanakuja?" Hilkka anadakia. "Tuonekane wachafu? Na sabuni hatukutia, hilo mlikumbuke!"

Raili anakiri kwamba alilia kidogo, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Hakukuwa na la kufanya ila kuyaachia maji yalete mwani mpya, na kuomba mvua kubwa isije ikaukokota. Kila jioni alipita kuyapapasa mawe kwa kidole gumba. Majuma mawili ya kwanza hakuna kitu.

"Jiwe likiteleza," ananiambia, "ujue wenyewe wamerudi."

Anaomba kahawa. Hilkka anainuka na birika, anakanyaga jiwe la kwanza, la pili, na kwenye la tatu miguu yote miwili inamtoka. Anakaa majini mpaka kifuani, birika ameliinua juu, halijamwagika hata tone.

Halafu Hilkka anapaza sauti: "Linateleza! Raili, jamani, linateleza!"

"Na ndilo ulilolisugua kama sufuria!" anajibu Raili, na wote wawili wanacheka mpaka ndege wanaruka mitini. Kwa kweli, nami nilifurahi kama niliyebeba mawe hayo mwenyewe.

Gazeti hili likielekea mitamboni, simu imepigwa kutoka Oulu. Mwani wa maji safi umejaa kila kichupa, na ruhusa imetoka.

Raili anatamani kuwaona trauti wakitaga hapa kabla hajastaafu. Kiangazi kijacho wanaanza sehemu ya juu, na Hilkka ameshatangaza msaragambo.

"Kila mtu aje na mtaimbo na mkate," anasema Raili. "Mswaki utakuwa mmoja tu, na utalala mfukoni mwangu."