Kwaya ya Kilowati Tatu

Hebu mtazame huyu anayeingia dukani kwa fundi wa sola. Mguu wa kwanza umeshavuka kizingiti, mwili bado uko nje, maana tumbo linataka kupita kando ya rundo la paneli na paneli hazijakubali. Kucha zake zina rangi ya bluu, ya kijani, na ile nyekundu ya mabati, kwa sababu mchana ni mtunza stoo ya rangi. Shingoni ananing'iniza filimbi ndogo ya kutafutia noti za nyimbo, kwa sababu jioni ni mwalimu wa kwaya ya mtaa. Akisema tu "Habari za hapa," vioo vya kabati vinatikisika. Watu humwita Sauti ya Nne, kama wanavyoitwa wale waimbaji wazito wanaosimama mstari wa nyuma, na hata mke wake akiwa amemkasirikia humwita hivyo hivyo.

"Nipe inveta," alisema. "Ile kubwa kuliko zote."

Fundi, mtu mwembamba aliyechomeka bisibisi juu ya sikio, alimsogezea kiti. "Mwalimu, karibu ukae kwanza. Hata nzuri sijakuitikia, wewe unataka inveta."

"Nikikaa nitachelewa. Nyumba yangu inahama."

Nikwambie ukweli, nyumba ilikuwa haihami. Iliyokuwa inahama ni friza. Ila kwa Sauti ya Nne, friza ile na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Mke wake hutengeneza juisi na barafu, anauzia pale pale nyumbani, dirishani, na umeme wa mtaa wao ulikuwa unakatika ovyo kama uzi uliooza. Juisi iliyogandishwa asubuhi, ikifika mchana ni supu. Mke alivumilia, akavumilia, mwisho akakata kauli: Jumamosi inakuja pikapu, inabeba friza na kuipeleka kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji, kwenye laini moja na hospitali, ambako umeme haukatiki. Na friza ikienda, mwenyewe ataifuata kila siku. Atatoka alfajiri, atarudi jioni.

Usiyemjua Sauti ya Nne utasema, kwani tatizo liko wapi, si jioni atarudi? Basi ngoja. Kila mchana stoo ya rangi inapofungwa kwa chakula, wenzake hukalia ndoo za rangi na kula huko huko. Yeye hutimua mbio mpaka nyumbani, na tumbo lile, wakakaa jikoni yeye na mkewe, wawili tu, wanakula na kuwasengenya wateja. Tangu waoane hajaukosa mchana hata mmoja kwa hiari yake. Kumnyang'anya saa ile ni sawa na kumwambia aimbe bila kuvuta pumzi.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwonyesha rafu. Juu yake kulikuwa na masanduku matatu ya chuma: la kilowati moja, la kilowati tatu na la kilowati tano.

"Hili dude ndilo linalouchukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa ukutani," alisema. "Ukichukua dogo, mkawasha vitu vingi, litalia tiii, kisha litazima kila kitu. Ukichukua kubwa, na wewe paneli unazo nne tu na betri mbili, lenyewe linakula. Mmelala, hamjawasha hata taa, lenyewe linakula. Ni kama kumleta mtu akulindie chakula, halafu akakila yeye. Asubuhi unakuta betri tupu na friza inatokwa machozi. Haya, nyumbani una nini?"

Sauti ya Nne akavitaja kwa vidole. Friza. Pampu ya kupandisha maji tangini. Pasi. Blenda. Televisheni na taa. Na birika la umeme la mama mkwe.

Fundi akapiga mluzi. "Vyote hivyo vikiwaka kwa pamoja, hata kubwa hili litatoa ulimi. Lakini kwani huwa mnaviwasha kwa pamoja?"

Hapo mwalimu wetu akalishangaa swali. Kwenye kwaya yake hakuna mtu wa kukaa kimya. "Kwangu mimi," alijibu, "asiyeimba hajaja."

"Nyumba si kwaya, mwalimu."

"Kila nyumba ni kwaya, fundi. Nyingine tu hazina mwalimu."

"Haya basi, nenda ukaisikilize. Ukijua pale penye kelele kuliko zote wanaimba akina nani, njoo unambie. Na usisahau jambo moja. Friza na pampu zina mota. Mota ikiamka hupiga ukelele mara tatu, mara nne ya sauti yake ya kawaida, ndipo inatulia. Inveta lazima iuvumilie ukelele ule."

Mtu mwingine angerudi nyumbani akageuza friza na kusoma kibandiko cha nyuma. Na Sauti ya Nne alisoma, sikatai. Ila namba kwake ni namba mpaka zipate midomo. Jioni hiyo, kabla ya chakula, akawasimamisha watu wa nyumba yake sebuleni, akasukuma meza ukutani, akapuliza filimbi, akawagawia sauti.

"Mke wangu, wewe ni friza."

Mke akafunga mikono kifuani. "Umeniangalia umbo ukaona friza?"

"Sijaangalia umbo. Nimeangalia moyo."

"Aa, kumbe! Moyo wangu ndio wa barafu!"

Binti yao, anayesoma sekondari, akaangukia kochi kwa kicheko. "Baba, kaa kimya tu, unazidi kuzama."

"Wewe unayecheka ni pasi. Wati elfu moja. Mimi pampu. Blenda ni ya asubuhi, iacheni ilale. Taa na televisheni hazina makelele, hivi viti vitaziwakilisha. Na mama..." Akageuka kwa heshima, akainama kidogo kama anavyopaswa mbele ya mama mkwe wake, bibi mfupi aliyehamia kwao baada ya kuchoka kukaa peke yake. "Mama, kwa ruhusa yako, wewe ni birika. Wati elfu mbili. Hakuna mwenye sauti kama yako nyumba nzima."

"Hilo nalijua," alisema bibi, akajiweka sawa kochini.

Mwalimu akainua mikono. "Saa moja jioni. Friza, amka!"

Mke alikuwa na mengi moyoni kuhusu juisi zilizoharibika, na nadhani yote yalitokea hapo. "HAAAAA!" Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kufuata maelekezo, akatulia. "Mmmmm."

Jirani akaita kutoka nyuma ya ua. "Jamani! Kwema huko?"

"Kwema!" Sauti ya Nne akajibu. "Friza imeamka!"

Dirisha la jirani likafungwa.

Pasi ikaingia, "Shhhhh," kwa sauti ya kwanza, safi kabisa. Tangi likaisha maji, pampu ikaamka, na ukelele wa Sauti ya Nne ukaangusha kalenda ukutani. Binti alikuwa anajumlisha kichwani huku anafoka mvuke wake. "Baba, hapo tumekaribia elfu mbili, na ukelele wa kuamka unatupandisha mpaka tatu na ushee, kwa kitambo kidogo tu. Sasa umetulia, tuko chini ya mbili."

Uso wa baba ukang'aa. Ile ya kati inatosha! Ukelele wa kitambo kidogo inauweza. Alikuwa karibu kuwakumbatia wote.

"Na mimi?" akauliza birika.

"Subiri kidogo, mama. Pasi inamalizia."

"Nisubiri nini? Chai yangu nainywa ninapoitaka." Naye akavuta pumzi, pumzi ya mtu aliyelea watoto na kuwaita kutoka mitaa ya mbali, akaingia: "FUUUUUUUU!"

"Tiii," alisema binti. "Tumezimika."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na usimlaumu, ni mazoea ya kazi. Mwalimu wa kwaya akisikia mtu ameingia kabla ya zamu, mkono unakwenda wenyewe. Wa Sauti ya Nne ulikwenda. Ukanyooka mpaka mbele ya pua ya mama mkwe, ukazunguka nusu duara, vidole vikajifunga ngumi: *kata!*

Hata friza iliacha kunguruma.

"Mkwe wangu," alisema bibi polepole. "Umenifunga mdomo?"

"Hapana mama! Sijakufunga wewe. Nimelifunga birika."

"Birika ni nani?"

Mkono akaurudisha mfukoni. Wewe ungemjibu nini?

Walakini hesabu ilikuwa imepatikana. Kilowati tatu zinatosha nyumba nzima, mradi birika lisiimbe pamoja na pasi wala pampu. Kesho yake akarudi dukani, safari hii akipita mlangoni kwa ubavu, na fundi akamsifu. "Ukitaka kumpumzisha bibi, mchemshie chai kwa gesi."

"Anasema chai ya gesi inanuka gesi."

"Basi mpangie zamu. Nakupa mpaka Jumanne ya wiki ijayo. Ukiona haikufai, ile kubwa ipo, lete hii tubadilishane. Ila betri za kuilisha hutakuwa nazo za kutosha."

Jumatano fundi akaifunga ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Jumamosi asubuhi pikapu ikapiga honi getini. Sauti ya Nne akasimama ukumbini, jasho linamtoka, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mke wake akaenda moja kwa moja kwenye friza, akainua mfuniko, akachukua kijiko, akaigonga barafu. Ko, ko, ko. Kama jiwe. Usiku kucha umeme wa mtaa haukuwepo, na barafu ilikuwa kama jiwe.

Mke akamgeukia mumewe. Alimpa kile kijiko akishike, na mimi nimeona watu wakipewa vyeti kwa furaha ndogo kuliko ile.

"Mwambie dereva aende," alisema. "Friza haitoki."

"Safari yake si mmeshailipia?" Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Bibi alikuwa amesimama na begi, viatu vya kutokea miguuni, na birika lake kwapani, limeviringishwa shuka. "Basi isirudi tupu. Mimi naenda kwa mdogo wako."

"Mama!" alilia Sauti ya Nne. "Hapa si ni kwako?"

"Kwangu ninapoombea chai ruhusa? Alhamisi nimesimama na kikombe, mjukuu wangu ananiambia, bibi subiri, napiga pasi sare. Jana nikasubiri tangi lijae. Nimemzaa mwenye nyumba hii, halafu nasubiri tangi! Sina neno na wewe, mkwe wangu. Wewe ni mtu mzuri na sauti unayo. Lakini umri wangu huu si wa kupangiwa zamu."

Akapanda mbele, akaliweka birika mapajani, akamwambia dereva aendeshe taratibu kwa sababu amebeba kitu cha maana. Pikapu ikaondoka. Mume na mke wakabaki getini wanatazama vumbi.

Jumatatu mchana stoo ya rangi ilipofungwa, Sauti ya Nne alitimua mbio kuliko siku zote. Alikuwa amepanga hata la kusema, kuhusu mteja mmoja aliyenunua rangi nyeupe kisha akarudi kulalamika kwamba haionekani ukutani mwake, na ukuta wenyewe ni mweupe. Akafika jikoni anahema. Friza ilikuwa inanguruma vizuri. Sahani yake ilikuwa mezani, imefunikwa. Mke hayupo.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya mkewe alisikia kitu kikichemka kwa raha zake: fuuuuu.

"Niko kwa mama," alisema mke. "Amesema mchana hawezi kunywa chai peke yake. Nitakuwa nakuja huku kila siku mpaka apoe."

"Na kupoa kwake ni lini?"

"Mama yangu? Unamjua wewe mwenyewe."

"Na wateja wa dirishani?"

"Mchana wanajua nimefunga. Kula basi, chakula kisipoe."

Akala. Chakula kilikuwa kizuri, kama kawaida, na kilimshinda. Alijaribu kumsimulia friza habari za yule mteja wa rangi nyeupe. Friza ikasema mmmmm.

Na leo ni Jumanne. Ni mchana tena, sahani imefunikwa tena, na fundi yuko kwenye simu, ana haraka, kuna mteja mwingine anaitaka ile ya kilowati tano. "Mwalimu, nakusikiliza," anasema. "Nimpe mwenzio, au nakuwekea?"

Sauti ya Nne amesimama katikati ya jikoni. Akiichukua kubwa, birika litarudi, mama atarudi, na mke ataacha kwenda kwa mama. Lakini betri zake mbili zitaliwa usiku, barafu itayeyuka, na pikapu itakuja tena, safari hii kwa ajili ya friza na mwenye friza. Akibaki na ya kati, barafu itakuwa jiwe mwaka mzima, naye atakula na friza, asipokwenda upande wa pili wa mji kumwambia mama mkwe wake kwamba pasi ndiyo itakayosubiri, na tangi ndilo litakalosubiri, na birika litaimba lipendapo. Na hilo, ukimjua yule binti na sare zake, nalo lina vita yake.

"Mwalimu? Bado upo?"

Yupo. Mdomo ameufungua, pumzi ameivuta. Ungekuwa wewe, ungemwambia fundi nini?